Maji ya Wageni

Ninyi vijana wa labo mliniomba niwaandikie kurasa chache juu ya kazi yetu ya zamani, kwa kuwa kontra mpya ya utafiti imefika na wengi wenu hamjabeba chupa hata siku moja. Mlisema, "Papa Banza, utuandikie vile mulikuwa munafanya, tucheke kidogo." Sawa, mtacheka. Ya kuchekesha yapo, nami nitaanza nayo kwa sababu mimi ni mwoga, na mwoga huanza na yaliyo mepesi. Lakini nawaambia mapema kwamba kuna jambo moja nimelikalia kwa miaka tisa. Nikiandika kurasa hizi bila kulitaja, nitakuwa nimewadanganya na ninyi.

Jina la chuo sitaliandika. Mnalijua, na aibu hii ni yangu, si ya kuta zake. Nilifanya kazi pale tangu ndevu zangu ni nyeusi hadi zilipokwisha kuwa nyeupe, nikichota maji, nikichimba udongo, nikikata majani ya sombe na lengalenga kwenye mashamba ya watu, nikiyaleta labo yapimwe madini. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani wa mtaa wetu wa Kenya kwamba mumewe ni "mtu wa sayansi". Mimi nilikuwa mtu wa chupa.

Mnauliza kontra hizi zinatoka wapi. Zinatoka mbali. Serikali moja ya shirikisho huko ng'ambo inataka kujua, tuseme, kama maji ya vijiji vilivyo karibu na migodi yetu yananyweka. Haiji yenyewe. Inakipa kontra chuo kikuu cha kwao. Chuo kile kinatafuta chuo cha huku, chuo cha huku kinamtafuta profesa, profesa ananitafuta mimi, na mimi natafuta chupa. Karatasi zote zile, sahihi zote zile, mihuri yote ile, mwisho wake ni mkono wa mtu mmoja ulioshika chupa kando ya kisima. Mkono ule ukikosea, wote waliopanga mstari nyuma yake wamekosea, na hawatajua kamwe.

Hilo nilifundishwa na Papa Ngoy, Mungu amrehemu. Babake alitoka kaskazini kuja kujenga reli, naye alikuwa na tabia za watu wa reli: hakuchelewa, hakupiga kelele, na hakusamehe uzembe. Alinipokea nikiwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi na kichwa kisicho na kitu. Alinifundisha kusuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale utakayoyachukua, kabla ya kuijaza. Alinifundisha kuijaza hadi shingoni bila kuacha hewa, kudondosha asidi matone machache tu, na kuilaza haraka kwenye barafu ndani ya frigolite, kile kisanduku cheupe mnachokijua. Na alinifundisha kuandika kwa penseli. "Chupa haisemi," alikuwa akiniambia. "Inasema ile karatasi yenye iko pa shingo yake. Na karatasi inasema tu yenye weye uliandika."

Mwaka wangu wa kwanza niliona penseli ni ya watoto wa shule ya msingi. Nikaandika kwa biki, kalamu ya wino, herufi nzuri kabisa, nikajipongeza. Barafu ikayeyuka njiani. Tulipofungua frigolite pale labo tulikuta chupa arobaini zenye shingo za bluu na hakuna hata moja iliyojua kwao ni wapi. Nikamwambia Papa Ngoy kwamba naweza kukumbuka, hii naona ni ya mtoni, hii ni ya shule. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyeingia kanisani. Akazimwaga zote arobaini kwenye beseni, moja baada ya nyingine, bila haraka, kisha akanipa baiskeli. Nilizunguka vituo vyote upya kwa siku nne.

"Kosa ya biki inalipwa na miguu," aliniambia niliporudi. Kisha akanimiminia chai.

Sasa lile la munkoyo. Wakati huo Papa Ngoy alikuwa ameshazikwa, na mimi nilikuwa natembea na dereva wetu, Chungu, ambaye baadhi yenu mlimwahi. Chungu alikuwa dereva hodari, lakini tumbo lake lilimtawala. Kijiji kimoja walimpa munkoyo mtamu, kinywaji cha mahindi kinachochacha upesi, akakosa chombo, akaona chupa zangu safi zimejipanga. Akajaza moja na kuificha ndani ya frigolite ili ipoe. Akaisahau. Mimi nikahesabu chupa jioni, idadi ikatosha, nikashukuru. Siku tatu baadaye chupa namba kumi na saba ililipuka juu ya meza ya labo kwa mshindo, povu likafika dari, na assistant mmoja mpya akapiga magoti akaanza kusali. Chungu alinusa hewa, akasema kwa huzuni ya kweli, "Yoo, munkoyo yangu."

Tulicheka hadi machozi. Profesa wetu naye alicheka. Kisha, kwa kuwa kontra ina jedwali na jedwali halipendi nafasi wazi, tukaandika: "Namba kumi na saba, chupa ilivunjika njiani." Uongo mdogo, wa kuchekesha, usiomdhuru mtu. Papa Ngoy angenipa baiskeli. Mimi nilijipa ruhusa. Nikajifunza siku ile kwamba sentensi moja fupi inaweza kukuokoa safari ndefu, na somo baya huwa halihitaji kurudiwa mara mbili.

Haya. Vicheko vimeisha.

Kuna kijiji kwenye njia ya Sakania, unaacha lami na kuingia kushoto. Nitakiita Kamusonga, si jina lake. Juu yake kuna kiwanda cha kusafisha madini, nacho sitakitaja. Tulipofika miaka tisa iliyopita, watu wa pale walikuwa na maji ya aina mbili. Kulikuwa na kisima katikati ya nyumba, hatua ishirini kutoka mlangoni kwa mtu. Na kulikuwa na chemchemi ya Kaseya, nyuma ya kilima, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima na kitu kurudi ukiwa na mzigo kichwani. Tangu kiwanda kifunguliwe walikuwa hawakiamini kisima. Walikitumia kufulia na kumwagilia. Maji ya kunywa wanawake waliyafuata Kaseya kila siku ya Mungu, wakichoka, wakilalamika, wakienda. Swali lao kwetu lilikuwa moja tu: je, kisima hiki tukinywe au tusikinywe? Na kontra yetu ilitaka kujua jambo hilohilo. Kwenye orodha kiliandikwa Kisima namba kumi na moja.

Aliyetupokea ni Mama Mwape. Alikuwa mjane, mkubwa wa wanawake wanaokitunza kisima kile, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Tulikuwa tumeamka alfajiri, vituo kumi vilikuwa nyuma yetu, jua lilikuwa kali, na kwake kulikuwa na harufu ya kuku. Nikashuka na chupa zangu tatu kuelekea kisimani. Akanizuia.

"Aba! Mwanaume ya koti nyeupe akuye achote maji, bamama bakimuangalia? Batatucheka mpaka Sakania. Kaa, baba. Kula bukari. Chupa siye tutajaza."

Wanawake waliokuwa kisimani tayari walikuwa wanacheka. Nikajiona nimeinama na kamba mkononi, koti limelowa, Chungu akisimulia mjini. Nikampa chupa. Nilimwambia vizuri, sitajitetea kwa hilo wala sitamsingizia: "Ni ya kisima, mama. Ya hapa. Si ya pengine." Akajibu, "Nimesikia, baba." Sikumwonyesha kusuuza. Sikwenda kusimama naye. Nilikaa nikala kuku, mguu na kifua, na bukari, ugali wetu, laini. Chupa ziliporudi zikiwa zimejaa hadi shingoni, nilijifuta mikono, nikatoa penseli yangu ya Papa Ngoy, nikaandika kwa herufi safi: Kisima 11.

Miezi sita baadaye matokeo yakatoka ng'ambo. Kontra ile ilikuwa na jambo zuri, kwamba lazima matokeo yarudishwe kwa wenye maji, mbele ya mkutano, kwa lugha yao. Tukarudi Kamusonga na Profesa na mgeni mmoja wa ile serikali, mama mpole mwenye kofia kubwa na kamera. Viti vilipangwa chini ya turubai. Profesa angesema kwa Kifaransa, na mimi ningesoma kwa Kiswahili. Nilikuwa na kiu. Nikaingia uani kwa Mama Mwape kuomba maji, nikamkuta Odile, mke wa mwanawe, anapepeta unga. Mama mwenyewe alikuwa ameshakwenda kukaa mkutanoni. Odile akanipa gilasi juu ya kisahani.

"Kunywa tu, papa, usiogope," alisema. "Hii njo maji ya bageni, inatoka Kaseya. Ya kisima hatupatiaka bageni." Kisha akacheka, kama mtu anayemsimulia mwenziwe vituko vya mkwe wake. "Hata zile chupa zenu za siku ile! Mama alisema haiwezekani, bantu ba universite batoke mbali, tubapatie maji yenye siye benyewe tunaogopa? Ni aibu. Alijaza ya mu mutungi."

Nilisimama pale na gilasi mkononi. Ninyi mnaelewa upesi kuliko mimi, lakini acheni niiandike. Chupa tatu zilizovuka bahari, zilizopimwa na mashine za thamani, zilizoandikwa kuwa safi kabisa, zilikuwa za Kaseya. Kisima hakikupimwa. Mfukoni mwangu nilikuwa na karatasi ya kuwaambia watu wale wakinywe.

Turubai lilikuwa mbele yangu, hatua thelathini. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumvuta Profesa mkono. Angefanya nini, sijui. Simlaumu, maana sikumpa nafasi ya kuwa mtu mwema wala mbaya. Wiki ile ndiyo awamu ya pili ya kontra ilikuwa inaamuliwa, na mgeni mwenye kofia alikuwa anaandika kila kitu. Wiki ile ndiyo jina langu lilikuwa mezani kuwa shefu, mkuu wa labo. Lakini mkinibana niseme ukweli wa moyo, hayo siyo yaliyonifunga mdomo. Ni yule kuku. Ningelazimika kusema mbele ya watu wote, kwa sauti yangu, kwamba kazi ya kontra nzima ilikuwa mkononi mwangu nami nikaiacha ili nile. Niliogopa aibu ya siku moja, nikachagua aibu ya maisha.

Nikaenda. Nikasoma: "Kisima namba kumi na moja, maji yake iko muzuri ya kunywa."

Wanawake walipiga vigelegele na kuruka. Kuna mmoja alivua kata yake ya kichwani, ile ya kubebea bidon, dumu la maji, akaitupa juu. Chifu akapokea karatasi yenye muhuri kwa mikono miwili. Mama Mwape hakupiga kigelegele. Alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, akinitazama. Niliinamisha macho. Nilifikiri ananishuku. Jioni hiyo Profesa alinipongeza kwa Kiswahili changu kizuri.

Nikawa shefu wa labo. Kila mwaka niliwapanga vijana wapya, na wengine wenu mlikuwamo, nikawafundisha: suuza mara tatu, jaza hadi shingoni, andika kwa penseli. Nilipofika pale pa "jaza kwa mkono wako mwenyewe", sauti ilinikauka. Mlidhani ni moshi wa asidi. Kuna mmoja wenu aliniletea maziwa, mtoto mwenye adabu, nikayanywa.

Habari za Kamusonga zilinifikia kupitia Chungu, aliyekuwa akipita njia ile. Alisema njia ya Kaseya imeota majani, hakuna anayekwenda tena, isipokuwa kizee mmoja. Alisema watoto wa pale wanaumwa tumbo mara kwa mara, ila watoto ni watoto. Alisema wanakijiji walipokwenda kulalamika kiwandani walionyeshwa nakala ya karatasi yetu: universite yenyewe imesema. Kila aliponiambia hayo, nilimwuliza hali ya barabara.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka tisa, na ningeizidisha hadi kaburini. Nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa na kuku wangu na rozari yangu. Nililipeleka kwa padri, nikidhani nitapewa sala tano niende nyumbani. Aliniuliza, "Huyo mama anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi umebisha mlango wa pili kabla ya ule wa kwanza." Hata hapo sikwenda. Nilisema miguu inauma.

Kilichonitoa ni ninyi. Mliponiletea orodha ya vituo vya kontra mpya, mkiwa na furaha, mkitaka nizisahihishe njia, niliona mstari umepigwa juu ya Kisima namba kumi na moja. Pembeni, kwa mwandiko nadhifu, mmeandika: "Kinajulikana, ni safi." Mlimwamini mzee wenu. Usiku ule sikula, na asubuhi nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, kijana wa watu ananiambia nishike vizuri, na mifupa yangu yote inahesabiwa kwa mashimo ya njia ya Sakania.

Mama Mwape alikuwa ameketi mlangoni, miguu imevimba, bidon ya njano iko ubavuni. Alinitambua kabla sijavua kofia. "Papa wa chupa!" akaita, na sauti yake ilikuwa ileile. Odile akaleta kiti. Mama mwenyewe akaingia ndani, akarudi na gilasi ya maji juu ya kisahani, akanipa kwa mikono miwili. Nikaishika. Nikasema yote bila kunywa. Nilisema nilijua, nilisema nilijua lini, nilisema juu ya kuku.

Aliisogeza ile bidon ya njano, akanigeukia.

"Weye ulijua?" aliuliza. "Mbele ya kusoma?"

"Mbele ya kusoma, mama."

"Ukasoma?"

"Nikasoma."

Akageukia kilima, kule iliko Kaseya. "Miye nilisema, bantu ba universite beko na mashini. Hata nikibadilisha maji, mashini itajua. Wakati ulisoma, nilisema, basi mashini imeona kila kitu, imesema iko muzuri. Nikanyamaza. Kiisha batoto bakaanza kuumwa tumbo. Njo nikajua mashini haikuona kitu. Nikasema, ni miye. Ni miye njo nilidanganya universite, ni miye ninaua hawa bantu." Alijipiga kifua kwa kiganja, mara moja. "Miaka yote ile ninaenda Kaseya na bidon pa kichwa, ninapatia benye batoto badogo. Banacheka: Mama Mwape anajiona, anakataa maji yenye universite ilibariki. Sikujibu. Nijibu nini?"

"Ungeniletea ujumbe, mama. Ungesema."

"Niseme?" Sasa alikasirika, na nilifurahi kwamba amekasirika. "Niseme, bafukuze weye ku kazi? Nilisema, yule papa alikula kwangu, aliniamini na chupa zake, miye nikamudanganya. Nikisema, batamufukuza, na iko na batoto. Njo juu ya weye nilinyamaza!"

Vijana, mimi nimezika wazazi wangu wawili na mtoto mmoja. Sikuwahi kukaa kwenye kiti kizito kama kile. Miaka tisa nilikuwa naficha uzembe wangu, na miaka hiyohiyo mwanamke mmoja alikuwa ananificha mimi, kwa kichwa chake na miguu yake, akidhani kosa ni lake. Neno moja langu, siku ile, lingemtua mzigo ule.

Alinyoosha mkono akaichukua ile gilasi mikononi mwangu. Akayamimina maji yake mtungini, taratibu, hakumwaga hata tone. Kisha akasimama. Nilitaka kumsaidia, akauondoa mkono wangu. Alikwenda kisimani, hatua zile ishirini, akivuta miguu, akarudi na gilasi imejaa, akaiweka mbele yangu bila kisahani.

"Mugeni anakunywaka ya Kaseya," alisema. "Weye hauko mugeni tena. Kunywa yenye bantu banakunywa."

Nikanywa, yote. Yalikuwa baridi na hayakuwa na ladha yoyote, na hilo ndilo lililonitisha, maana hata ulimi wangu haujui kitu.

Halafu nikatoa chupa zangu tatu kwenye mkoba, nikaenda kisimani mwenyewe. Wanawake walikuwapo, na kweli walicheka. Mzee mwenye kofia anavuta kamba, ndoo inagonga kuta, maji yanamwagika viatuni! Kicheko nilichokiogopa miaka tisa kiliisha kabla ndoo haijafika juu, na mmoja wao akanishikia kamba. Mama Mwape alikuja akaketi kwenye ukingo. Nikasuuza.

"Mara tatu?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Siku ile sikuosha hata moja."

"Sikukuonyesha, mama."

Chupa ziko kwenye friji yenu, rafu ya juu, upande wa kushoto. Nimezileta leo mchana mkiwa mmekwenda kula, na kurasa hizi naziacha chini yake. Nimeandika kwa penseli: Kisima 11. Aliyechota, Banza. Aliyeona, Mwape. Jina lake alitaka mwenyewe liwepo. Barua ya kueleza haya yote nimeshampelekea Profesa, na nyingine mkuu wa chuo, na ya tatu nilimwachia chifu wa Kamusonga aibandike juu ya ile karatasi ya zamani. Ninyi futeni ule mstari kwenye orodha yenu. Mwende mkachote tena, msitegemee chupa zangu tu, mimi siyo mtu wa kutegemewa. Mkipewa kiti, kaeni baada ya kazi. Mkipewa kuku, kuleni, ni chakula cha heshima, lakini chupa ziwe zimeshafungwa.

Mashine ikisema maji yale ni mazuri, mnichukue nikawaambie. Ikisema ni mabaya, mnichukue vilevile, nisome mimi, chini ya turubai, kwa Kiswahili changu kile kilichosifiwa.

Nilipoondoka Kamusonga niligeuka kumngoja Mama Mwape anisindikize hadi barabarani, kama desturi ilivyo. Hakuinuka. Alisema mtu anasindikizwa akiwa amemaliza kilichomleta.